Mkunga wa Rhamu Asifukuzwe Mlangoni

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Usemi huu ni wa kweli, lakini haukusemwa ili mzazi aachwe peke yake na uchungu wake. Katika mitaa yetu ya pwani, mwanamke akishikwa na uchungu alikuwa hakosi watu. Palikuwa na mamake au shangazi yake, palikuwa na somo yake, na palikuwa na mkunga. Mmoja alimshika kiuno, mmoja alimsomea dua, mmoja alichemsha maji. Mimi nilipokewa na mikono ya namna hiyo, na wasomaji wengi wa rika langu kadhalika.

Leo nawaomba wasomaji tuiache bahari kidogo, twende hadi Rhamu, mji wa kaunti ya Mandera ulio kando ya mto Daua. Ng'ambo ya mto ni Ethiopia. Watu wa huko ni Waislamu wenzetu, na mambo yao ya uzazi si mageni kwetu. Mkunga wao Wasomali humwita umuliso. Mzazi hutimiza arobaini yake, na mtoto huchinjiwa akika. Ukunga nao hausomwi kitabuni. Msichana humfuata mama au nyanya yake nyumba hata nyumba, akitumwa hiki na kile, akishika migongo ya wenye uchungu, mpaka mkono wake ukazoea na moyo wake ukatulia.

Kazi hii ya kukaa na mzazi, kumpa moyo na kutomwacha hata dakika moja, siku hizi imepata jina ughaibuni. Anayeifanya huitwa dula, neno la Kiyunani lenye maana ya mtumishi wa kike, ambalo mtaalamu wa Marekani, Dana Raphael, alilieneza katika miaka ya 1970. Watu hulipa fedha kujifunza kazi hiyo, na hulipa tena kuhudumiwa. Wala si upuzi. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 yaliyofanywa kwa wanawake zaidi ya 15,000, wakaona kwamba mzazi mwenye mwandani wa kudumu hujifungua kwa muda mfupi zaidi, na hupasuliwa mara chache zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mzazi awe na mwandani amtakaye. Yaani dunia imezunguka weee, ikarudi kwenye kigoda cha bibi zetu.

Lakini tusijidanganye kwa sifa. Umuliso hana dawa ya kifafa cha mimba. Hawezi kuirudisha damu iliyomwagika, wala kumtoa mtoto aliyelala kingamo. Tena yako mambo ya mila yanayozidisha hatari, na kubwa lao ni kuwakeketa na kuwashona wasichana, jambo lililopigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011. Uchunguzi wa mwaka 2006 uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, ulionyesha kuwa waliokeketwa hupata shida zaidi wakati wa kuzaa, na watoto wao hufa zaidi. Mkunga anayejua hayo na akanyamaza hana utetezi.

Basi lawama zote zimwendee yeye? La hasha! Tazameni hesabu. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya nzima uzazi 89 kati ya kila 100 ulisimamiwa na mtaalamu. Mandera ulikuwa 55. Na tusidhani hayo ni ya mbali, kwani Tana River, majirani zetu hapa pwani, ulikuwa 59. Kuachwa huku hakukuanza jana. Waraka wa serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zenye rutuba na mvua, na Kaskazini Mashariki ikakaa chini ya sheria za hali ya hatari mpaka 1991. Mwezi Novemba 2014 magaidi waliwaua abiria 28 wa basi karibu na mji wa Mandera, na baada ya hapo walimu na wauguzi wengi waliotoka sehemu nyingine wakahama. Mwaka 2013 serikali ilitangaza kuzaa bure katika hospitali zake, na ikafuata Linda Mama. Mwaka 2024 ikaja SHA, yenye kutaka watu wajiandikishe na kulipa michango. Lakini hata bure haifupishi njia. Kutoka Rhamu hadi mji wa Mandera ni zaidi ya kilomita 70, na damu ya uzazi haingoji gari.

Wako wanaofariji kwa kusema kwamba afaye katika uzazi ni shahidi. Hadithi hiyo ni ya Mtume wetu, sala na amani zimshukie, nasi twaiamini. Hiyo ni daraja ya marehemu mbele ya Mola wake. Si hati ya kuwasamehe waliomwacha afe huku dawa ipo. Mtume huyo huyo alimwambia bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo atawakali. Na katika Sura Maryam twasoma jinsi bibi huyo alivyoshikwa na uchungu peke yake chini ya mtende. Mola wake hakumwachia huzuni. Alimfikishia sauti ya kumliwaza, akampa maji ya kunywa na tende mbivu za kula. Maliwazo na matunzo vilikuja pamoja, na sisi ndio tuliovitenganisha: huku hospitali yenye dawa isiyo na maliwazo, huku nyumba yenye maliwazo isiyo na dawa.

Naona njia iliyo sawa ni hii. Umuliso asiachiwe kuzalisha peke yake, wala asifukuzwe mlangoni mwa hospitali. Afundishwe dalili za hatari, amlete mzazi mapema, na aruhusiwe kuingia naye, amshike mkono na kumfasiria maneno ya muuguzi aliyetoka mbali. Alipwe kwa kazi hiyo, kwani mkono mtupu haulambwi. Na muuguzi naye asimdharau.

Ama serikali ya kaunti na ya taifa, deni lao halilipwi na mkunga. Chumba cha upasuaji, akiba ya damu, gari lenye mafuta, na ulinzi kwa wauguzi wanaokubali kukaa Rhamu: hayo ni haki ya mzazi wa huko kama yalivyo haki ya mzazi wa Nairobi au Mombasa.