Ushindi wa Santuri ya Lauryn Hill

Mwezi Agosti 1998 mghani wa Marekani, Lauryn Hill, alitoa santuri yake ya kwanza ya peke yake, The Miseducation of Lauryn Hill. Katika wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zaidi ya 400,000, nayo ikashika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Billboard. Februari 1999 ikatunukiwa Grammy ya albamu bora ya mwaka, heshima ambayo hip hop ilikuwa haijaipata kamwe.

Ushindi huo uliwanyamazisha waliodai kwamba kughani ni kazi ya wanaume. Hata hivyo, takwimu hazisemi yote. Mwishoni mwa 1998 wanamuziki wanne walioshiriki kazi hiyo walimfungulia mashtaka, wakidai sifa na malipo ya utunzi. Shauri hilo lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2001.

Ndugu askari, jambo hili si geni kwenu: bendera husimikwa na mmoja, bali kilima hutekwa na kikosi kizima. Haki ya kila mmoja yafaa iandikwe kabla ya safari, wala si wakati wa kugawana nyara. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.