Likasi: mbuzi anayetetemeka ni onyo

Mbuzi akitokwa mate mengi, akitetemeka na kuanguka, jirani husema amerogwa. Kisha nyama inafika sokoni. Mara nyingine mchawi ni dawa ya wadudu. Dawa aina ya oganofosfati huondoa breki ya mishipa ya fahamu: misuli inakaza bila kukoma hadi pumzi inakatika. Madini ya risasi nayo humpofusha mnyama.

Watu hawako salama. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba wakaaji wa karibu na migodi ya Katanga walikuwa na kobalti na risasi nyingi zaidi katika mkojo.

Basi mnyama huyo asiliwe, azikwe. Familia za wakimbizi wa ndani zisichotee maji katika bidoni ya dawa. Na wakubwa wa mji watume daktari wa mifugo mitaani, kabla mtoto hajatetemeka.