Mbwa aliyezeekea langoni ana haki yake

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kazi moja nyepesi. Huwaambia watembee mitaani, wasome vibao vilivyobandikwa kwenye malango ya watu, kisha waje wanionyeshe kosa lililomo katika maneno mawili: "Mbwa Kali". Wengi hulitambua upesi. Nomino "mbwa" kwa umbo lake hufanana na "nyumba" na "nguo", lakini kwa kuwa mbwa ana uhai, sarufi humtoa huko ikamweka katika ngeli ya A-WA, pamoja na mtu, ng'ombe na samaki. Husemwa mbwa mkali, mbwa wakali. "Kali" isiyo na kiambishi ni sifa ya sumu, ya pombe na ya dawa.

Nilikuwa nikilichukulia jambo hili kuwa kosa la mafundi wa rangi tu. Mwaka jana ndipo nilipong'amua kwamba yamkini fundi anasema kweli kuliko mwalimu. Mbwa wa lango, kwa jinsi wengi wetu tunavyomweka, hahesabiwi miongoni mwa vyenye uhai. Ni kufuli lenye meno.

Jirani yangu mmoja alihama mtaa wetu, ulio viungani mwa Nairobi upande wa Kabete. Alipakia vitanda, jokofu, tangi la maji na hata mabati ya banda la kuku. Alichokiacha ni mbwa. Mbwa huyo, jina lake Simba kama mbwa wengi wa nchi hii, alikuwa amefungwa mnyororo kando ya lango tangu sisi tuhamie hapo, yapata miaka minane. Nakiri kwamba kubweka kwake usiku kulininufaisha mimi pia, nami sikuwahi kumtupia hata mfupa.

Siku ya nne baada ya jirani kuondoka, bawabu wa mtaa alinigongea mlango. "Daktari," akaniambia, "njoo umtazame yule mbwa. Naona anakufa." Ikanibidi nimkumbushe, si kwa mara ya kwanza, kuwa udaktari wangu ni wa maneno, si wa mifugo. Akanijibu kwamba hata hivyo, hapakuwa na daktari mwingine karibu.

Tulimkuta amelala katikati ya duara la udongo mtupu, upana wake sawasawa na urefu wa mnyororo. Sufuria yake ilikuwa imepinduka, kavu. Ukanda wa shingoni aliovishwa alipokuwa mdogo haukuwahi kulegezwa, na ulikuwa umemla ngozi hadi kwenye nyama. Kupe walimjaa masikioni kama mbegu za mbarika. Nilipompigia simu mwenyewe, alinijibu kwa upole kabisa kwamba mbwa amezeeka, kwamba huko alikohamia amekwisha kununua mwingine mchanga, na kwamba nikiona vyema niwaachie watu wa kazi hiyo wammalize. Huyu si mtu mbaya. Ni mtu wa kawaida, mwenye heshima zake, na ndiyo sababu nimeona inafaa kuandika.

Daktari wa kweli, yule wa mifugo, aliukata ukanda ule, akasafisha kidonda, akampima damu na kukuta homa iletwayo na kupe. Akanionyesha meno yaliyolika hadi karibu na ufizi kwa kutafuna mnyororo. Umri wake alikadiria kuwa miaka kumi au zaidi. Aliniusia jambo ambalo sikulijua: nisimshibishe. Mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla huweza kufa kwa shibe hiyo hiyo. Kwa hivyo ikawa ni wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa, kidogo kidogo, mara tano kwa siku, ya kwanza ikiwa saa kumi na moja alfajiri. Dawa ya minyoo ilingoja mpaka apate nguvu.

Kazi ya mwili, hata hivyo, ilikuwa rahisi ikilinganishwa na ile nyingine. Simba hakuweza kula mbele ya mtu. Akiona ufagio alijikunyata na kukojoa. Lililonishinda kulitazama ni kwamba baada ya kufunguliwa na kupewa ua mzima, aliendelea kutembea katika duara lile lile la mnyororo, kana kwamba chuma kile bado kilikuwapo. Alifanya hivyo kwa takriban miezi miwili.

Daktari alinishauri nisimsimamie, nisimkazie macho, wala nisimpitishie mkono juu ya kichwa, kwani mkono uliokuwa ukitoka juu ndio uliokuwa ukimpiga. Bora niketi chini, nimpe mgongo, nifanye shughuli zangu. Nikawa nasahihisha insha za wanafunzi uani. Wiki ya tatu, nikiwa nimezama katika insha iliyonikera mno, nikahisi pua baridi kwenye kiwiko changu.

Niliinuka kwenda kutafuta maji na udongo. Hapa sina budi kumweleza msomaji kwamba mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na katika madhehebu niliyolelewa, kilichoguswa na umajimaji wa mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kwetu sisi mbwa hafugwi ndani, na methali inatuonya kuwa ukimzoea atakufuata msikitini. Nilipompigia simu mama yangu kumweleza, alishangaa. "Mbwa, mwanangu? Wewe?" Kisha akanyamaza kitambo, akauliza: "Ushampa maji lakini?"

Nilielewa alichokikumbuka. Kila mtoto wa chuoni husimuliwa hadithi ya Mtume juu ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno mpaka juu, akamnywesha, naye akasamehewa dhambi zake. Unajisi wa mate ya mnyama ni hukumu ya usafi. Haujawahi kuwa ruhusa ya kumtesa. Na mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwindia wameruhusiwa kufugwa tangu zamani. Simba analala bandani mwake, ana chombo chake, nami nina ndoo yangu ya udongo. Hatujagombana.

Majirani kadhaa walinitolea methali nyingine: samaki mkunje angali mbichi. Walitaka kusema kuwa mbwa wa miaka kumi hafunziki. Kwa taaluma yangu hili lilinivutia, kwa kuwa niligundua kuwa Simba hakulijua hata jina lake. Ukiliita, hakugeuka, alichokijua ni mlio wa sufuria. Kwa miaka yote hiyo jina lile lilitajwa juu yake, halikutajwa kwake. Tulianza upya, nikiliita kila nilipompelekea chakula, na haikufika mwezi kabla hajaanza kuinua kichwa. Sasa anajua pia "njoo", "ngoja" na "basi". Mbio hawezi, viungo vimekakamaa, na akisikia radi bado hutafuta pa kujificha. Sidai kwamba amekuwa mbwa mpya.

Najua ninavyojibiwa: watoto wa watu wanalala njaa, nawe unampikia mbwa kuku! Hoja hii siidharau, maana watoto hao nawaona. Ila sijapata kumwona mtu aliyemnyima mbwa wake chakula akakipeleka kwa mtoto wa jirani. Jirani yangu alinunua mbwa mwingine. Fedha zilikuwapo, lililokosekana ni kumkubali mlinzi wa miaka kumi kuwa ana dai lolote kwa bwana wake. Hatusemi kwamba mbwa ni sawa na binadamu. Tunasema kwamba aliyekula jasho la mwingine asimwache kwenye mnyororo bila maji.

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, imekuwapo tangu miaka ya 1960, na kumnyima mnyama chakula na maji au kumtelekeza ateseke ni kosa kwa mujibu wake. Chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, KSPCA, ambacho mizizi yake ni ya 1910, hupokea wanyama wa namna hii na kuwatafutia makao. Lakini chama kimoja hakiwezi kuwa jaa la kila anayehama.

Jambo hili limenifikia tena mlangoni. Kamati ya mtaa wetu inapendekeza kila kaya ichange fedha za kununulia nyama na sumu, ili mbwa wasio na wenyewe waangamizwe kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Hofu hiyo ni ya haki kabisa: ugonjwa huo dalili zake zikishaanza, ni nadra mno mtu kupona, na karibu wote wanaoupata huupata kwa kuumwa na mbwa. Dawa iliyopendekezwa ndiyo isiyofaa. Mabaraza ya miji yetu yaliwapiga mbwa risasi na kuwatilia sumu kwa miaka mingi, na kichaa hakikwisha, kwa sababu nafasi ya mbwa aliyekufa huchukuliwa na mwingine asiyechanjwa. Wataalamu wa afya duniani wanakubaliana kuwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mkakati wa taifa uliozinduliwa 2014, unaolenga kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, umejengwa juu ya chanjo. Isitoshe, sumu haiulizi nani ana mwenyewe. Wengi wa hao tunaowaita mbwa koko mtaani petu walikuwa na malango yao juzi tu.

Mkutano ni Jumamosi, saa nane mchana, katika uwanja wa kanisa. Nitakwenda na kadi ya chanjo ya Simba, pamoja na barua ya daktari anayejitolea kuwachanja mbwa wote wa mtaa kwa siku moja, endapo mchango ule ule utanunua dawa ya chanjo badala ya sumu. Bawabu amekwisha kuwahesabu: ni thelathini na wanane, na kumi na mmoja kati yao wamefungwa minyororo.