Toleo Hili Halina Mapishi

Msomaji atakayefungua toleo hili la chakula na ukoo akitafuta vikombe vingapi vya mchele viende na vikombe vingapi vya tui, hatavipata. Tumekubaliana, baada ya mabishano marefu kuliko yalivyostahili, kwamba hatutachapa vipimo hata vya chakula kimoja. Vipimo vimejaa kwenye simu. Binti aliyezaliwa London anaweza kutazama video ya mahamri usiku wa leo, na kesho asubuhi yakamuumukia vizuri tu. Kama urithi wa chakula ungekuwa ni vipimo, tungelala usingizi, maana haujapata kutunzwa vizuri namna hii tangu tuanze kuwasha moto.

Jambo la pili ambalo hatukulifanya ni kulilia vyakula vya asili. Ukimuuliza mwenye kulia ni asili ya lini, mazungumzo hukwama. Waakiolojia waliochimba Tumbe na Chwaka, kaskazini mwa Pemba, walikuta punje zilizoungua ambazo zinasimulia habari nzima: watu wa Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi uwele, wale wa Chwaka, kuanzia karne ya 11, wakazidi kuhamia kwenye mchele. Bila shaka palikuwa na bibi aliyenung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawataki uwele, wanataka wali. Mwaka 1331 Ibn Battuta alipofika Mogadishu aliandaliwa wali wa samli kwenye chombo kikubwa cha mbao, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na maembe. Mtu wa Lamu au Barawa hahitaji kuelezwa mlo huo. Lakini humo hamkuwa na nyanya, wala muhogo, wala mahindi. Hivyo vimetoka Amerika, na vimeanza kufika kwetu baada ya Wareno kupita hapa mwaka 1498. Karafuu nayo ni ya visiwa vya Maluku. Ilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, enzi za Sayyid Said, kwa jasho la watumwa. Nani leo atathubutu kumwambia Mpemba kwamba karafuu si urithi wake?

Hata UNESCO, ambayo kwa mkataba wake wa mwaka 2003 huorodhesha urithi usioshikika, haikuwauliza Wamalawi mahindi yao yalitoka wapi. Mwaka 2017 nsima yao, ndugu wa damu wa ugali wetu, iliingia kwenye orodha. Mwaka 2023 Oman, Falme za Kiarabu na Saudi Arabia wakaandikisha harees, ile ambayo Unguja na Mombasa tunaiita bokoboko na kuipakua Idi na harusini. Wengine waliona uchungu kwamba sisi hatukutajwa. Mimi sikuona. Kilichotambuliwa pale ni ujuzi unaopita kutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtoto, na swali la kutukosesha usingizi ni kama kwetu bado unapita.

Unapitaje? Tazama mtoto wa miaka tisa aliyekaa juu ya mbuzi, khanga ameikunja katikati ya mapaja, kizio cha nazi mikononi. Anakuna, anazungusha, anakuna. Akizembea akabaki upande mmoja, meno ya mbuzi yanafika kwenye gamba na mlio unabadilika, na mama aliyempa mgongo kule jikoni anasikia kabla mtoto mwenyewe hajajua. "Zungusha! Unatukunia kifuu." Nazi ikiisha inatiwa maji ya vuguvugu, inakamuliwa, tui zito linawekwa kando. Machicha yanarudiwa maji, linatoka jepesi. Jepesi ndilo linalotangulia kuchemka na samaki. Zito linaingia mwishoni, na hapo mwiko hauachwi, la sivyo tui litakatika na mchuzi uonekane kama maziwa yaliyoganda. Yote hayo hayachukui muda mrefu sana, ila ni muda ambao mikono ina kazi na midomo haina. Ndipo mtoto anaposikia kwa nini babu aliondoka Pemba akahamia Tanga, shangazi yupi hasemeshani na yupi na tangu lini, na mjomba aliyekwenda Muscat mwaka 1964 alikuwa akipenda nini. Sijaona familia inayoitisha kikao ili isimulie nasaba. Nasaba husimuliwa wakati nazi inakunwa, mchele unachaguliwa, kunde zinaambuliwa.

Kwa hiyo tui la pakiti halijatuibia ladha. Wapo wapishi hodari watakaokula mchuzi wake wasijue. Limeondoa ile kazi, na kazi ilipoondoka imeondoka na mazungumzo yake. Hata hivyo simlaumu hata kidogo mama anayefungua pakiti saa mbili usiku, ametoka kusimama kwenye daladala kutoka Posta hadi Mbagala, na watoto wana njaa.

Hapa ndipo wengi wa wanaoandika juu ya mada hii hukosea, na ndiyo hoja ya toleo zima. Wanamaliza sifa za jiko la bibi, kisha wanatuambia turudi. Nani arudi? Yule mtoto wa juu ya mbuzi karibu kila mara alikuwa wa kike. Kaka yake alikuwa uwanjani anacheza mpira, na aliporudi alitengewa. Tunachokiita urithi kimebebwa kwa vizazi na vizazi na watu walionyimwa uchaguzi wa kutokibeba, na mabinti wa leo, ambao wanasoma na wanafanya kazi, wanalijua hilo vizuri kuliko sisi wenye kalamu. Ukimwambia mmoja wao arudie kinu na mbuzi kwa ajili ya utamaduni atakucheka, na ana haki.

Panda Kilimanjaro uone jambo hilo likiwa wazi zaidi. Kihamba cha Mchaga kina migomba chini ya miti mirefu, kahawa chini ya migomba, magimbi na mboga chini ya kahawa, na maji ya mfongo, yaani mfereji, yanapita pembeni. Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kiliingia kwenye orodha ya FAO ya mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu duniani. Makaburi ya wazee yamo humohumo kihambani, ndiyo maana kila Desemba mabasi ya Moshi hujaa na nauli kuwa gumzo. Kwa mila, kihamba hushuka kwa watoto wa kiume. Lakini ni nani anayejua mgomba upi ni mshare wa mtori wa mzazi na upi ni wa pombe, ulezi uoteshwe siku ngapi ndipo usagwe, gome la msesewa litiwe kiasi gani ili mbege iwe na uchungu wake bila kuharibika? Kwa sehemu kubwa ni mama na dada zao. Mrithi wa shamba ni mmoja, mrithi wa ujuzi ni mwingine, na huyo wa pili huolewa akaondoka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, mila inasita. Mimi nasema mila hiyo inajidhulumu yenyewe, kwa kumkabidhi kihamba kijana ambaye hajui kukifanya chakula.

Msije mkasema wanaume wetu hawapiki. Wanapika sana, mradi kuna watu wa kuwatazama. Nenda kwenye harusi yoyote ya mwambao usiku wa kuamkia walima: masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, kuni za mkoko, wanaume wamefunga vikoi, mmoja anaonja mchuzi wa pilau kama kadhi anayepima ushahidi, mwingine anapanga makaa juu ya mfuniko. Wanalipwa, wanasifiwa, majina yao yanajulikana mtaa wa pili. Huku bara ndafu huchomwa na nani? Basi mikono ipo na ujuzi upo. Kilichokosekana ni chakula cha Jumanne, kisicho na mgeni wala msifu, ambacho ndicho hasa mtoto hulelewa nacho.

Kuna mfano mmoja ambao umenipa moyo, nao ni wa Kenya. Kwa miaka mingi mnavu, mgagani, kunde na mlenda zilionekana chakula cha maskini. Mtoto wa shule aliona haya kukutwa nazo kwenye chombo chake. Watafiti, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na jamii zenyewe, walianza kuziorodhesha mboga hizo, mbegu zake na namna zinavyopikwa, na kazi hiyo ikaja kuwaingiza wanafunzi wa shule za msingi katika kukusanya maarifa ya Waisukha na Wapokoti. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Ninachokipenda ni kwamba wanafunzi walikuwa wa kike na wa kiume, na wote waligeuzwa kuwa wadadisi wa wazee wao. Mvulana aliyepewa swali la kumuuliza bibi hana pa kukimbilia. Inabidi akae jikoni hadi jibu liive.

Mtakayoyasoma katika kurasa zinazofuata hayakubaliani yote na haya yangu. Mwandishi wetu mmoja anaamini pakiti na mashine zimewakomboa wanawake na kwamba huzuni yetu ni ya walioshiba. Mwingine anatetea vitabu vya mapishi kwa hoja nzito, nami nimemwachia nafasi yote aliyoiomba. Mjadala ni wenu sasa.

Tuna ombi moja. Katika toleo lijalo tutaendelea na mada hii kwa upande wa wanaume waliofundishwa kupika chakula cha kila siku na mama, bibi au shangazi zao. Tunajua mpo, ingawa wengi wenu hamsemi. Tuandikieni, kwa lahaja ya nyumbani kwenu kama mnapenda, na mtaje aliyewafundisha.