Mashine ya Kukaushia Nguo Ikigoma, Iulizwe Sababu

Katika miji ya kaskazini ya Marekani, kama Minneapolis na jirani yake Saint Paul, ambako wengi wa watu wetu wamehamia kwa masomo, kwa kazi, au kwa kukimbia vita, jua la Januari huangaza lakini halikaushi, na kanzu iliyoanikwa nje huganda ikakakamaa kabla aliyeianika hajarudi ndani kupasha mikono yake moto. Kwa hiyo mashine ya kukaushia nguo, ambayo kwa mtu wa Tanga au wa Mombasa ni anasa isiyo na haja, huko imekuwa miongoni mwa vyombo vya lazima vya nyumba; na siku inapogoma kuwaka, nyumba yenye watoto wadogo, na sare za kazi zinazotakiwa alfajiri, huingia katika dhiki ya hakika.

Rai yangu ni kwamba mashine hii inapokataa kuwaka aghalabu haikufa, bali imezuiwa, na kilichoizuia ni kipande kidogo kilichowekwa ndani yake kwa makusudi hayo hayo. Basi wajibu wa mwenye nyumba si kuitupa, wala si kumshurutisha fundi aiwashe kwa hila yoyote atakayoijua, bali ni kuuliza kwanza imezuiwa kwa ajili ya nini.

Uchunguzi sharti uanze ukutani. Mashine za Marekani zinazopata joto lake kwa umeme hazitumii volti 120 peke yake, kama taa na redio za nyumba ile ile, bali volti 240, zinazoletwa kwa nyaya mbili zenye volti 120 kila mmoja, na kulindwa kwa kawaida na breka ya jozi ya ampea 30. Mota inayozungusha pipa aghalabu hutosheka na waya mmoja, ilhali koili ya joto huzitaka nyaya zote mbili. Hivyo hutokea nusu moja ya umeme ikapotea, taa ya ndani ya mashine ikaendelea kuwaka, na mwenye nyumba akaapa kwamba umeme upo, naye kweli anauona, walakini alionao ni nusu tu: pengine mota itakataa kuwaka, pengine pipa litazunguka mpaka jioni kwa upepo wa baridi na nguo zisikauke. Wala breka haitoshi kutazamwa kwa jicho, maana yaweza kujikata na kishikio chake kikaonekana kama kilivyokuwa. Izimwe kabisa, kisha irudishwe. Ikijikata tena, hapo mikono ya mwenye nyumba ikome, aitwe fundi umeme.

Yako mambo mengine mepesi ambayo hayataki maneno mengi. Kufuli ya watoto, inayowekwa kwa kubonyeza kitufe, huizuia mashine nzima isijibu. Mlango una swichi yake, na ukifungwa kwa taratibu sikio husikia mlio mdogo; mlio ule usiposikika, yamkini ulimi wa mlango umevunjika au swichi imelegea. Pipa nalo litiwe mkono na kuzungushwa: likienda kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekatika, na katika mashine nyingi iko swichi inayoikataza mota kuwaka pasipo mkanda. Mota ikinguruma bila ya kuzunguka, huenda soksi ya mtoto imenasa katika feni, au mota yenyewe imefikia mwisho wake.

Lakini ninalotaka kulikalia ni fyuzi ya joto. Plagi ikisha kuchomolewa, na hili ni la faradhi kwa kuwa volti 240 huua, ubao wa nyuma au wa mbele hufunguliwa kwa kulegeza parafujo zake, na karibu na nyumba ya feni, pale hewa moto inapotoka kuelekea bombani, huonekana kipande cha plastiki, aghalabu cheupe, kisichozidi urefu wa kidole, kimeshikwa na parafujo moja au mbili na kuunganishwa nyaya mbili. Ndani yake mna kiungo kinachokatika joto likifika karibu digrii 90 za Selsiasi, nacho kikikatika hakiungiki tena. Katika mashine za namna moja hukata joto tu. Katika namna nyingine huikata mota, na hapo ndipo mashine isipojibu kitu. Nyaya zake zikitolewa na ncha mbili za mita ya kupimia umeme zikagusishwa kwake, mita husema mara moja kama njia ingali nzima au imekatika.

Fyuzi hii ni mlinzi aliyewekwa zamu, na mlinzi akianguka mlangoni mwenye akili hamweki mwingine mahali pake kabla ya kujua ni nani aliyempiga. Aghalabu aliyempiga ni zile nyuzi nyepesi zinazopukutika katika nguo, ambazo huponyoka kichungi, zikajilimbikiza ndani ya bomba, hata hewa moto ikakosa njia ya kutokea. Abadilishaye fyuzi na kuliacha bomba limeziba ataibadilisha tena, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa, na hapa nasema kwa uchungu, ni desturi ya baadhi ya mafundi ya kuzishika zile nyaya mbili na kuziunganisha moja kwa moja, fyuzi ikatupwa. Mashine ikawaka, wenyeji wakafurahi, fundi akalipwa na kwenda zake, na tangu saa ile hakuna tena kitu cha kulizuia joto lisizifikie zile nyuzi kavu. Idara ya serikali kuu ya Marekani inayohusika na mambo ya moto, katika hesabu yake ya mwaka 2008 hadi 2010, ilikadiria mioto 2,900 kila mwaka katika majumba iliyotokana na mashine za kukaushia nguo, na sababu iliyozitangulia nyingine, kwa asilimia 34, ilikuwa kutozisafisha. Katika jengo la ghorofa, ambamo familia nyingi hulala chini ya paa moja, fundi afanyaye hila ile amewadhulumu hata watu asiowajua.

Maarifa haya si siri. Watengenezaji wengi huificha ndani ya mwili wa mashine karatasi iliyokunjwa yenye ramani ya nyaya na vipimo vyake. Na jimbo la Minnesota, kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, limewalazimisha watengenezaji kuwapatia wenye mali na mafundi wa kujitegemea vipuri, zana na maandiko ya matengenezo. Naiona sheria hiyo kuwa ya insafu, kwani mtu aliyenunua mashine kwa jasho lake amestahili kujua kinachoizuia. Lakini sheria haimfai asiyeisikia. Mgeni akifika huko hufundishwa njia za basi, benki, na shule ya watoto. Naomba wanaompokea wamwonyeshe pia kichungi kinachosafishwa kila baada ya mzigo mmoja wa nguo, na mahali bomba linapotokea nje.

Na aliyepanga, ambaye mashine si mali yake, asiifungue. Amwandikie mwenye jengo, aweke nakala ya barua, ataje siku mashine ilipogoma, na adai bomba lisafishwe kutoka nyuma ya mashine mpaka ukuta wa nje, na kama ni la plastiki libadilishwe liwe la chuma. Mwenye jengo anayetuma mtu kubadilisha fyuzi peke yake, na kuliacha bomba kama lilivyo, hajatimiza wajibu wake, na mpangaji ana haki ya kumwandikia tena.