Waliazima Koti, Hawakumwita Daktari

Jumapili moja jioni vijana wanne walikuja nyumbani kwangu Kiseke wakiwa na ombi dogo. Walikuwa wakipiga filamu yao ya kwanza, na katika tukio la mwisho alihitajika daktari wa kutoka chumba cha upasuaji akitikisa kichwa. "Shikamoo dokta," alisema mkubwa wao, "tunaomba utuazime koti lako jeupe kwa siku mbili." Niliwapa kwa furaha, nikawatania kwamba daktari wa kwenye filamu naye asisahau kunawa mikono. Sikuuliza filamu ilihusu nini. Kesho yake nilipata habari kwamba ilihusu kufukuzana kwa magari.

Mmoja wao alitakiwa kung'ang'ania boneti ya gari dogo likiteremka kilima, kisha ajirushe pembeni. Mwendo wa gari, kwa maneno ya dereva, ulikuwa "wa kawaida tu". Kijana akajirusha, akaangukia bega, mtulinga ukavunjika na kichwa kikagonga ukingo wa mtaro. Wenzake wakamnyanyua kwa mikono na miguu, wakamketisha katika bajaji, mmoja akimtikisa kichwa asije akasinzia. Laiti uti wa mgongo wa shingoni ungalikuwa umevunjika, safari ile ingaliweza kumnyang'anya uwezo wa kutembea. Bahati nzuri haukuvunjika. Kijana alipona, ingawa bega lake limebaki na kinundu.

Nimelifikiria sana koti lile. Kikundi kilimkumbuka daktari katika hadithi, kikamsahau barabarani. Nami, daktari mwenyewe, niliukumbuka mzaha nikalisahau swali.

Wapo wenzangu katika taaluma hii wanaoamini kwamba dawa ni kuwazuia vijana wasitazame filamu za mapigano. Sikubaliani nao. Vijana wetu hawakudhuriwa na kutazama. Wamedhuriwa na kuonyeshwa matokeo bila kuonyeshwa kazi. Katika kibanda umiza, steringi hafi. Gari lake hupinduka, naye hutoka dirishani akajikung'uta vumbi. Yaliyotangulia dakika ile hayamo katika picha, kwa sababu yakionekana filamu imeharibika. Basi ni juu yetu tulio nje ya filamu kuyaeleza.

Chukua gari la James Bond katika filamu ya Casino Royale ya mwaka 2006. Dereva Adam Kirley alilibingirisha mara saba, na jambo hilo likaingia katika rekodi za dunia za Guinness. Mafundi walianza kwa kulipandisha gari kwenye mwinuko mfupi wa kulirushia, likakataa kupinduka, kwa kuwa magari ya namna ile yameundwa yasipinduke. Ikabidi wafunge ndani yake, nyuma ya kiti cha dereva, mzinga unaosukumwa na gesi ya naitrojeni. Dereva akibonyeza kitufe, mzinga huisukumia nguzo chini kwa kishindo, nalo gari hunyanyuka na kubingirika. Rekodi ile ilidumu hadi filamu ya The Fall Guy, iliyotoka mwaka 2024, ambapo Logan Holladay alibingirika mara nane na nusu.

Lakini mwili wa dereva ulikuwa wapi wakati huo? Ulikuwa ndani ya kizimba cha mabomba ya chuma kilichoungwa katika mwili wa gari, umefungwa kwa mikanda ya mabega, kiuno na mapaja, si mkanda mmoja kama wa gari letu la nyumbani. Tangi la mafuta hutolewa na kuwekwa dogo lenye mafuta ya kutosha tukio hilo pekee. Kofia ngumu hulinda kichwa. Tukio hurudiwa kwa mwendo mdogo kabla ya ule mkubwa. Zaidi ya hayo, steringi tunayemwona akikata kona kwa mkono mmoja huku akiongea na bibi wa pembeni, mara nyingine haendeshi chochote: juu ya paa kumefungwa kiti na usukani mwingine, na huko ameketi dereva wa kweli, nje ya upeo wa kamera. Hata kasi huweza kuwa ya uongo, kwani picha zikipigwa chache kwa sekunde kuliko zitakavyoonyeshwa, gari la mwendo wa taratibu huonekana likiruka kama mshale.

Kisa kinachonigusa zaidi kama tabibu ni cha mwaka 1974, katika filamu The Man with the Golden Gun. Gari liliruka mto nchini Thailand likijizungusha hewani mzunguko mmoja kamili, kisha likatua kwa magurudumu yake. Walifaulu kwa jaribio moja. Mahesabu yalifanywa kwa programu ya kompyuta iliyotokana na utafiti wa ajali za barabarani katika maabara ya Cornell, mjini Buffalo, Marekani. Usukani ulihamishiwa katikati ya gari ili uzito wa dereva usielemee upande mmoja, na mwendo uliotakiwa ulikuwa takriban kilometa 64 kwa saa, bila kuzidi wala kupungua. Mtoni walingoja wapiga mbizi, na ukingoni palikuwa na winchi na gari la dharura. Kwa hiyo mchezo ule unaotajwa kuwa kilele cha ujasiri ulizaliwa na watu waliokuwa wakichunguza namna ya kupunguza vifo.

Hata kwa maandalizi hayo wapo wanaokufa. Mwaka 2007, huko Uingereza, fundi mmoja alipoteza maisha katika mazoezi ya filamu ya Batman.

Sasa turudi kwenye mteremko wetu na huo mwendo "wa kawaida tu". Mwili unaosimamishwa ghafla kutoka kilometa 30 kwa saa hupata pigo sawa na la mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita tatu na nusu, yaani kutoka paa la nyumba. Ukizidisha mwendo mara mbili, pigo huongezeka mara nne: kilometa 60 kwa saa ni kimo cha mita 14. Wakazi wa Mwanza hawahitaji kuchorewa. Watazame miamba yetu, wachague mmoja wenye kimo hicho, wajiulize kama wangejirusha kwa sababu kamera inawaka.

Asije mtu akasema mambo haya ni ya wageni. Filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 ikiwa na jina la Kiswahili, ilipigwa hapa Tanganyika. Magari yaliwafukuza faru na twiga, na John Wayne alifungwa kwa mkanda katika kiti kilichotiwa mbele ya gari la kukamatia wanyama. Waliomwelekeza walikuwa watu wenye ujuzi wa kazi hiyo kabla kamera haijafika. Na asiye na fedha amtazame Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala: helikopta na milipuko ya filamu yake Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010, vimechorwa katika kompyuta. Umaskini haumlazimishi mtu kuvunja mtulinga.

Nchini kwetu filamu huhitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ningependa mwombaji wa kibali mwenye tukio la gari atakiwe kujibu maswali mawili: ni nani atakayetoa huduma ya kwanza, na ni nani asiyeigiza mwenye mamlaka ya kusema simama? Vyuo vya afya navyo visingoje sheria. Siku moja yatosha kuwafundisha vijana wa filamu kwamba majeruhi aliyegonga kichwa haketishwi katika bajaji. Huachwa alipolala iwapo hapana moto wala hatari nyingine, kichwa na shingo vikashikwa visitikisike, damu ikazuiwa, pumzi ikaangaliwa, hadi afike mwenye ujuzi na machela. Wanaotafsiri filamu kwa sauti, ambao vijana huwasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi, wangeweza kulitaja jambo la kizimba na mikanda katikati ya simulizi zao bila kupoteza utamu.

Wale vijana wanne wamerudi. Wanataka kulipiga upya tukio lile, safari hii gari likiwa limesimama na kamera ndiyo inayokwenda. Nimewaambia nitakuwapo na mkoba wangu, kwa sharti kwamba nikisema simama hakuna wa kubisha. Wamekubali, kisha yule mwenye kinundu begani akauliza kama koti bado lipo.