MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: NANGA JUU YA KABURI

Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya wazee wetu waliolala, na jinsi ya kuzipata habari zao pasipo kuzibuni. Tutaanza na kosa la nyumba yetu wenyewe, maana si vema kumfundisha jirani kufagia ua na hali wa kwetu umejaa takataka.

Tangu utoto wetu tuliambiwa ya kuwa babu yake baba alikuwa nahodha. Ushahidi ulikuwa jiwe la kaburi lake, katika makaburi ya Wakristo upande wa bara ya Mombasa: juu yake imechorwa nanga. Neno hilo tulilipokea, tukajivuna nalo. Hata mwaka huu mwana wetu mkubwa aliagizwa na mwalimu wake kuandika habari za ukoo wake, akatuuliza, "Baba, chombo chake kiliitwaje? Alikuwa akienda bandari gani?" Tukanyamaza. Ndipo tulipotambua ya kuwa tulikuwa na nanga tu. Chombo hatukuwa nacho.

Tukaenda kwa shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa wote waliosalia. Akatutazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nanga hiyo iacheni ilale." Hakuongeza neno.

Basi tukafungua sanduku la karatasi za marehemu baba. Humo tukaona cheti cha ndoa ya babu yake, na kazi yake imeandikwa: seremala. Mahali pa kutia sahihi pana alama ya msalaba, iliyotiwa kwa mkono usiojua kuandika. Tukamwomba padre ruhusa ya kukisoma kitabu cha zamani cha ubatizo. Tukapita majina mengi hata tukaliona la mzee wetu. Jina la Kikristo lipo; kabila, Mnyasa; umri, yapata miaka tisa; alikotoka, jahazi lililokamatwa. Penye jina la baba hapakuandikwa kitu, wala penye jina la mama.

Ili mfahamu mstari ule, kumbukeni mambo haya. Tarehe 5 Juni, mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba wa kukataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Walakini majahazi hayakukoma kusafiri kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zikiyavizia. Baadhi ya watu waliookolewa, wakiwamo watoto wengi, walipelekwa kwenye misioni za pwani. Mmoja wa vijiji vyao ni Frere Town, karibu na Mombasa, ulioanzishwa miaka ile ile na misioni ya C.M.S. Huko watoto walifundishwa kusoma, na wengine kazi za mikono.

Basi mzee wetu hakuwa nahodha. Baharini alisafiri safari moja tu, naye alisafiri kama mzigo.

Na ile nanga? Ni alama ya kale sana ya Wakristo. Imechorwa katika makaburi yaliyo chini ya ardhi huko Rumi, tangu karne za kwanza. Na asili yake yaonekana katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 6, aya ya 19, ambapo tumaini lafananishwa na nanga. Tena kijiti kikatacho shina la nanga hufanya umbo la msalaba. Walakini yawezekana pia kuikuta juu ya kaburi la baharia wa kweli. Kwa hiyo jiwe peke yake si shahidi wa kutosha. Sharti liletwe mbele ya kitabu.

Kadhalika alama nyingine. Mwana-kondoo mara nyingi huwekwa juu ya kaburi la mtoto. Nguzo iliyovunjika huonyesha maisha yaliyokatika kabla ya wakati. Mikono miwili iliyoshikana ni kuagana, na mara nyingi ni ya mume na mke. Herufi IHS zatoka katika jina la Yesu kwa Kiyunani.

Wapenzi, mkitaka kufanya kazi hii, anzeni na walio hai, maana vitabu vyaweza kungoja lakini wazee hawangoji. Andikeni kila neno pamoja na jina la aliyelinena, na siku aliyolinena. Kisha tazameni karatasi za nyumbani, kisha vitabu vya kanisa, kisha jiwe. Jiwe lisafisheni kwa maji na brashi laini. Msilikwaruze kwa chuma, wala msilitie dawa kali. Lisomeni asubuhi au jioni, wakati jua liko chini, ndipo kivuli huingia katika maandishi na kuyadhihirisha. Msiponena jambo kwa hakika, acheni mahali patupu. Afadhali patupu kuliko nahodha wa uongo.

Tulirudi kwa shangazi na nakala ya mstari ule, tukamsomea. Akalia. Akatuambia ya kuwa alipokuwa msichana aliposwa, na watu wa upande wa pili walipopata habari ya jahazi, walirudisha neno, wakisema hawaoi kwa watu wa mateka. Tangu siku ile nyumba yetu ikawa na nahodha. Hakusema uongo kwa kiburi, bali kwa jeraha.

Tukamkumbusha ya kuwa Mathayo, katika kuandika ukoo wa Bwana wetu, hakumficha Rahabu wala Ruthu. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kitabu chenu hakina jina alilopewa na mama yake. Mimi ninalo. Aliniambia nikiwa nimekaa magotini pake, akaniambia nisilipoteze." Akalitaja.

Jina lile hatulichapi hapa, maana ni mali ya nyumba yake. Lakini sasa limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa Biblia yetu, kwa mkono wa mwana wetu, na chini yake: seremala. Na shangazi ameomba ya kwamba siku yake itakapofika, jiwe lake nalo lichorwe nanga.

Je, katika nyumba yako ni mzee gani aliye na jina ambalo halimo katika kitabu? Nenda kamwulize kabla mwezi huu haujaisha.